Kusimamiwa Kuna Ufundi Wake: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Mombasa

Mwulize mwanafunzi aliyekwama tasnifu yake imefika wapi, atakwambia, "Nangoja msimamizi anirudishie." Mwulize msimamizi, naye atasema anamngoja mwanafunzi amletee. Kila upande unangoja, muhula unakwisha, na karo inaendelea kuhesabiwa. Kimya cha namna hiyo kimekula miaka ya watu wengi kuliko takwimu ngumu au sura ya mapitio ya machapisho.

Mwongozo huu unahusu jinsi ya kukivunja: nani anapaswa kukusaidia kwa lipi, unamwendea vipi, unaandika nini mkishaonana, na unafanya nini mambo yakigoma. Nimewalenga wanaosoma mjini hapa, iwe ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, au ni kampasi za vyuo ambavyo makao yake makuu yako bara. Walio Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, ambao wanaishi Mombasa na kwenda na kurudi, wamo pia. Kanuni za vyuo hutofautiana, kwa hivyo panapohusika tarehe na ada fuata kijitabu cha masomo ya uzamili cha chuo chako. Kama huna kijitabu hicho, kitafute kabla ya kuendelea kusoma hapa. Ajabu ni kwamba wengi hukiona mara ya kwanza siku wanayoambiwa wamekivunja.

1. Jua kila shida ina mlango gani

Mwanafunzi wa uzamili hana mtu mmoja wa kumsaidia kwa kila jambo, ana ofisi kadhaa, na kila moja ina mipaka yake. Msimamizi anashughulika na utafiti wenyewe: swali, mbinu, sura, uandishi. Hana uwezo wa kukurekebishia matokeo ya somo yasiyoonekana kwenye mfumo, wala kukuongezea muda wa kulipa karo. Ukimpelekea hayo unatumia dakika zake kwa jambo ambalo naye atakuelekeza kwingine.

Mratibu wa masomo ya uzamili wa idara ndiye anayejua ratiba: lini mapendekezo ya utafiti yanatetewa, fomu gani inajazwa, nani bado ana nafasi ya kusimamia. Kwa maoni yangu huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika mwaka wa kwanza, na ndiye anayesahauliwa zaidi. Jitambulishe kwake mapema, kabla hujawa na shida.

Mkuu wa idara huteua au kubadilisha wasimamizi, na kwake ndiko malalamiko huanzia. Juu yake kuna mkuu wa skuli, kisha bodi au skuli ya masomo ya uzamili, ambayo huidhinisha mada, hupokea tasnifu na kuteua watahini. Msajili wa masomo anahusika na usajili, kuahirisha masomo na matokeo. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi ina washauri nasaha, nao hawako kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza peke yao, ingawa watu wazima wenye kazi na watoto huona haya kuingia. Halafu kuna maktaba, nayo tutairudia.

Andika majina ya walio kwenye nafasi hizo na baruapepe zao za chuo katika ukurasa mmoja. Wakibadilika, badilisha.

2. Tafuta msimamizi kabla hujapewa

Katika idara nyingi unaweza kupendekeza unayemtaka. Usipopendekeza utapangiwa, na anayepangiwa hupata aliyebaki. Anza wakati bado uko kwenye masomo ya darasani.

Soma kwanza alichoandika. Ingia Google Scholar, tafuta jina lake, soma makala mbili au tatu za miaka ya karibuni. Unatazama kama bado anafanya kazi katika eneo lako, na kama anatumia mbinu unazokusudia. Msimamizi wa mahojiano na visa vya watu akipewa mwanafunzi wa milinganyo ya kiuchumi, wote wawili watateseka.

Kisha waulize wanaosimamiwa naye sasa hivi. Usiulize kama ni mtu mzuri. Wapole wengi hawasomi rasimu, na wakali wengine hurudisha kazi kwa wiki moja. Uliza: rasimu anairudisha baada ya muda gani? Anaandika maoni au anasema tu kwa mdomo? Wangapi wamemaliza mikononi mwake?

Uliza pia ana wanafunzi wangapi. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vinaweka ukomo wa wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamivu kwa msimamizi mmoja katika mwaka wa masomo. Ukomo huo hauheshimiwi kila mahali, lakini kuujua kunakupa haki ya kuuliza bila kuonekana mjuaji.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na uwe na kitu cha kusoma. Mfano:

*Daktari, salamu za heshima. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika idara yetu, na ninamaliza masomo ya darasani muhula huu. Nakusudia kuchunguza jinsi mizigo ya bandari kuhamishiwa kwenye reli ya SGR kulivyobadilisha kazi za mawakala wadogo wa forodha mjini Mombasa tangu 2018. Nimesoma makala yako kuhusu ajira za uchukuzi, na swali langu linaanzia pale ulipogusia biashara ndogo. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa wazo. Naomba dakika 20 Jumanne au Alhamisi alasiri nikusikilize kama wazo lina mwelekeo. Ikiwa liko nje ya eneo lako, nitashukuru ukinielekeza kwa mwenzako.*

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Inampa mtu nafasi ya kukataa bila kunyamaza, na anayekataa kwa kukuelekeza kwa mwingine amekusaidia tayari.

3. Kikao cha kwanza: kubalianeni kazi itaendaje

Wengi hukitumia kikao cha kwanza kuzungumzia mada tu. Mada itabadilika hata hivyo. Yasiyobadilika kirahisi ni mazoea mnayoyaanza siku hiyo, kwa hivyo tenga nusu ya muda kwa mambo haya:

- Mtaonana kila baada ya muda gani? Kila wiki mbili wakati wa kuandika pendekezo, na mara moja kwa mwezi wakati wa kukusanya data, ni mwendo unaowezekana kwa mtu mwenye kazi.
- Rasimu itasomwa ndani ya siku ngapi? Wiki mbili hadi tatu kwa sura moja si ombi la makosa.
- Anataka sura nzima au vipande? Karatasi iliyochapwa au faili?
- Mawasiliano yapitie wapi? Ikiwa ni WhatsApp, ni kwa kupanga saa tu, au hata kwa maswali?
- Msimamizi wa pili anaingia lini, na maoni ya nani yanatangulia?
- Makala itakayotokana na tasnifu itakuwa na majina ya nani, na kwa mpangilio gani?

Hilo la mwisho huonekana la mapema mno. Liulize hata hivyo, kwa upole: "Profesa, idara yetu ina desturi gani kuhusu majina kwenye makala?" Vyuo vingi nchini vinadai uwe umechapisha katika jarida linalohakikiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, makala moja kwa uzamili na mbili kwa uzamivu. Kwa hivyo makala itakuja tu, na ni afadhali kuuliza sasa kuliko kugombana baadaye.

Jioni hiyohiyo mwandikie baruapepe ya mistari sita: tumekubaliana hivi na hivi, kama nimekosea tafadhali nirekebishe. Asipojibu, barua hiyo bado ipo.

4. Kila kikao kiwe na karatasi mbele na karatasi nyuma

Mali bila daftari hupotea bila habari, na maagizo ya msimamizi vilevile. Atakwambia ufute sehemu, ufute kweli, na miezi mitatu baadaye aulize imekwenda wapi. Hana nia mbaya. Ana madarasa na wanafunzi wengine, na kikao chenu hakikumbuki kama unavyokikumbuka wewe.

Siku tatu kabla ya kikao, tuma nusu ukurasa wenye mambo matatu: nilichofanya tangu tulipoonana, ninapokwama, maamuzi ninayoyahitaji kwako. Neno "maamuzi" lichukue kwa uzito. "Naomba maoni yako kuhusu sura ya pili" ni ombi lisilo na mlango wa kuingilia. "Nina nadharia mbili zinazoweza kubeba sura ya pili, ya kwanza inaeleza vizuri uhusiano wa mawakala na wateja, ya pili inaeleza sera, mimi naegemea ya kwanza, wewe waonaje?" ni ombi ambalo mtu aliyechoka saa kumi alasiri anaweza kulijibu.

Ndani ya kikao, andika. Ukitaka kurekodi sauti, omba ruhusa. Ukiambiwa jambo usilolielewa, lirudie kwa maneno yako: "Kwa hivyo unasema sampuli ibaki ileile, ila nieleze vizuri nilivyoichagua?" Mara nyingi hapo ndipo utagundua kwamba mlikuwa mnaongea mambo mawili.

Baada ya kikao, ndani ya siku moja, tuma kumbukumbu fupi: tarehe, yaliyoamuliwa, nani afanye nini kufikia lini, siku ya kikao kijacho. Nakala aipate msimamizi wa pili. Vyuo vingine vina fomu rasmi ya kumbukumbu ya usimamizi inayotiwa saini. Kama chuo chako kinayo, ijaze hata kama hakuna anayeiulizia. Usitegemee ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuwa kumbukumbu. Hakuna atakayeusikiliza tena, na simu ikipotea nao umepotea.

Ikiwa msimamizi yuko makao makuu na wewe uko Mombasa, vikao vya mtandaoni vitatosha kwa kazi nyingi. Safari zihifadhi kwa utetezi, kwa kupitia rasimu nzima, au kwa fomu zinazohitaji saini za watu watatu siku moja. Ukipanda treni Miritini kwenda kusaini karatasi moja tu, umepanga vibaya. Thibitisha kwa simu siku moja kabla, na uwe na nakala zilizochapwa. Kwa mkutano wa mtandaoni, jaza chaji ya kompyuta na uwe na bando kwenye simu; stima ya mtaani haiulizi ratiba yako. Na anayetoka Likoni kwenda kuonana na mtu saa tatu asubuhi kisiwani anajua mwenyewe aondoke saa ngapi.

5. Maoni yakirudi

Hapa ndipo watu huvunjika moyo. Rasimu inarudi ikiwa imejaa wino mwekundu, unaifunga, unajiambia utaifungua Jumamosi, Jumamosi inakuwa mwezi. Ifungue siku hiyohiyo, isome mara moja bila kurekebisha chochote, kisha iache hadi kesho.

Kesho yake, gawa maoni mafungu matatu. Fungu la kwanza ni marekebisho ya moja kwa moja: tahajia, marejeo, vichwa vya majedwali. Yafanye yote kwa kikao kimoja. Fungu la pili ni maoni yanayotaka kazi mpya, kama kusoma zaidi, kuongeza kipengele au kueleza mbinu. Kila moja lipe siku yake kwenye kalenda. Fungu la tatu ni maoni usiyokubaliana nayo au usiyoyaelewa. Hayo usiyaruke kimyakimya, maana msimamizi akiona maoni yake yamerukwa anaacha kuyaandika.

Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni yalisema nini, nimefanya nini, ukurasa gani. Litume pamoja na rasimu mpya. Jedwali hili humwezesha msimamizi kupitia kazi yako kwa muda mfupi sana, kwa sababu haanzi upya ukurasa wa kwanza. Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua kwenye mwongozo huu, chukua hili. Ndilo litakalokusaidia baadaye kujibu watahini, na ndivyo majarida yanavyotaka wahakiki wajibiwe.

Maoni ya mkato, mfano "hapana kina" au "fikiria tena," yanaudhi. Usirudishe swali tupu la "sijaelewa." Pendekeza tafsiri mbili: "Je, unataka niongeze tafiti za Afrika Mashariki, au niende zaidi kwenye tofauti ya waandishi hawa wawili?" Atachagua moja, au atasema la tatu ambalo ndilo alilokuwa nalo moyoni.

Usipokubaliana na maoni, unayo haki hiyo, ila ije na ushahidi. Andika kwenye jedwali: "Nimebakiza mahojiano 15 kwa sababu maelezo mapya yalikoma kujitokeza, nimeeleza hivyo ukurasa wa 47." Wasimamizi wazuri hufurahia hilo. Kwa mwanafunzi wa uzamivu hasa, kutopinga chochote kwa miaka mitatu ni dalili mbaya.

Na wasimamizi wawili wakipingana? Manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini wewe usijifanye mwamuzi kati yao, wala usimfuate mmoja kwa siri. Andika barua moja kwa wote wawili, uweke maoni ya kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe, ueleze athari za kila njia kwa kazi, na uombe kikao cha pamoja cha nusu saa. Usiandike "Daktari fulani amekataa." Andika "kuna njia mbili zilizopendekezwa."

6. Pendekezo, maadili na vibali

Mpangilio wa kawaida ni huu: utetezi wa pendekezo idarani, marekebisho, idhini ya bodi, kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Leseni huombwa mtandaoni, na kwa utafiti unaohusu watu, kibali cha maadili kinatangulia. Ukikusanya data kabla ya kibali, kamati haiwezi kuirudia nyuma na kuibariki. Muulize msimamizi, wakati bado mnaandika pendekezo, ni kamati gani itakayolisoma na hukutana lini. Wanafunzi hupanga kana kwamba kibali kitatoka wiki moja. Weka miezi, si wiki.

Leseni ikitoka, masharti yake yanataka uwajulishe kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na ofisi ya gavana kabla ya kuanza. Hospitali, bandari na shule zina ruhusa zake za ndani juu ya hapo. Ukiwa na utafiti kwa wavuvi, nenda kwa uongozi wa kitengo cha usimamizi wa ufuo, wanaouita BMU, kabla hujamfuata mvuvi mmoja mmoja. Mitaani, chifu na wazee wa mtaa wakujue. Katika nyumba za Mji wa Kale usitarajie mwanamume asiyefahamika atahoji wanawake peke yake. Panga msaidizi wa kike na ulieleze hilo kwenye pendekezo, kwenye sehemu ya mbinu.

Fomu ya ridhaa na hojaji ziwe za Kiswahili wanachokisema wahojiwa. Mpe mtu mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona asili aitafsiri tena kurudi Kiingereza, kisha linganisha. Halafu zijaribu kwa watu wachache. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: majina na nambari za simu za wahojiwa hazikai kwenye faili moja na majibu yao, wala hazitumwi kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kipindi hiki ndicho wanafunzi hupotelea kabisa. Endelea kutuma nusu ukurasa wako kila mwezi hata kama huna sura ya kuonyesha: nimehoji wangapi, nini kimenishangaza, nini kimekwama.

7. Msaada halali, na ule usio halali

Mkutubi wa marejeo ni hazina isiyotumiwa. Mwombe kikao cha saa moja akuonyeshe kutafuta katika hifadhidata ambazo chuo kimelipia, na jinsi ya kuziingia ukiwa nyumbani. Kuna pia African Journals Online kwa majarida ya bara letu. Anza kutumia Zotero, programu ya kupanga marejeo ambayo ni bure, kutoka makala ya kwanza unayoisoma. Kupanga marejeo 150 kwa mkono wiki ya kuwasilisha ni adhabu uliyojipa mwenyewe. Utafiti wa bahari una jirani yake Mkomani, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, na wa utamaduni wa Waswahili una wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus. Msimamizi wako anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha.

Kwa takwimu, mwone mtaalamu kabla ya kukusanya data. Akikuona baadaye atakachoweza ni kukuambia ulikosea wapi. Unaweza kumlipa mtu akufundishe programu za takwimu kama SPSS au R na akukagulie hesabu. Unaweza kumlipa mhariri wa lugha, kama chuo kinaruhusu na ukamtaja kwenye shukrani.

Anayekuandikia sura ni jambo jingine. Mjini wapo, matangazo yao yamebandikwa hata karibu na mageti ya vyuo. Ukiacha kwamba ni udanganyifu unaoweza kukufukuzisha, kuna tatizo la kawaida kabisa: siku ya utetezi unaulizwa kwa nini ulichagua kipimo hiki, na aliyekichagua hayupo chumbani. Programu za akili bandia ziko kwenye mstari huohuo. Soma kanuni ya chuo, mweleze msimamizi unazitumia kwa nini, na hakikisha kila rejeo kwa kulifungua, kwa kuwa programu hizo hubuni makala ambazo hazikuwahi kuandikwa.

8. Msimamizi akinyamaza

Kabla ya kulalamika, jikague: ulituma nini, lini, kwa anwani gani, na uliomba nini? Rasimu ya kurasa 90 bila swali lolote ni rahisi kuahirishwa.

Muda mliokubaliana ukipita, tuma kumbusho la mistari mitatu lenye tarehe: "Daktari, sura ya tatu niliituma tarehe 4. Naweza kupita ofisini Jumatano saa nane?" Wiki moja baadaye piga simu au nenda ofisini. Kwenda kumwona mtu uso kwa uso, kwa salamu na adabu zake, hufungua mengi hapa kwetu ambayo barua haifungui. Ukimkuta amelemewa, punguza ombi: asome kurasa kumi tu za mwanzo.

Wiki ya tatu au ya nne bila jibu, mwendee mratibu, kwa lugha ya kuomba msaada na si mashtaka. Mara nyingi mratibu hupiga simu moja mambo yakaenda. Isipokwenda, andika barua rasmi kwa mkuu wa idara:

*Naandika kuomba mwongozo kuhusu usimamizi wa tasnifu yangu. Sura ya tatu niliiwasilisha tarehe 4, nikafuatilia tarehe 25, na tarehe 2 na 9 za mwezi uliofuata. Bado sijapata maoni, na muda wa usajili wangu unamalizika mwezi wa Novemba. Naomba idara inisaidie kupata maoni kufikia mwisho wa mwezi, au ifikirie kuniongezea msimamizi. Nimeambatisha kumbukumbu za vikao.*

Ona kwamba hakuna sifa mbaya ya mtu hata moja humo. Tarehe zinatosha. Hapa ndipo zile kumbukumbu za kila kikao zinapolipa. Kuongezewa msimamizi ni rahisi kukubalika kuliko kubadilishiwa, kwa sababu hakumvunjii mtu heshima. Anza na hilo. Idara isipojibu, barua hiyohiyo na majibu yote yapande kwa mkuu wa skuli, kisha bodi ya uzamili.

Ngazi hizo si za kufuatwa pale unapodaiwa pesa ili usomewe kazi, au unapotakwa kimapenzi. Hapo usimwendee mtuhumiwa "kuelewana" naye, wala usikubali kuonana naye peke yenu. Hifadhi ujumbe wote, mweleze mtu unayemwamini, na upeleke taarifa kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi au ofisi ya chuo inayoshughulikia jinsia na maadili. Una haki pia ya kwenda polisi.

9. Kazi, familia, fedha

Wengi wetu tunasoma baada ya zamu ya bandarini, hotelini au darasani. Mwambie msimamizi ratiba yako ya kweli: msimu wa watalii unapozidiwa, Ramadhani unapoweza kuandika baada ya tarawehe tu, miezi ya mitihani ya shule unayofundisha. Ahadi ndogo inayotimia humpa imani kuliko kubwa inayovunjwa.

Ukizidiwa kabisa, kwa ugonjwa, uzazi au karo, ahirisha masomo rasmi kwa msajili. Aliyeahirisha kwa barua hurudi na nafasi yake. Aliyetoweka hukuta usajili umekufa na mada imepitwa. Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ina mikopo hata kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na wa sayansi za bahari wafuatilie ruzuku za WIOMSA, chama kilicho na makao Zanzibar. Barua ya msimamizi huhitajika katika maombi mengi. Iombe wiki tatu kabla, na umpe wasifu wako na mistari michache ya utafiti asianze kukumbuka mwenyewe.

Tafuta wenzako watatu au wanne, hata wa idara nyingine. Mkutane Jumamosi mahali penye meza na stima, mwandike saa mbili bila maneno, kisha kila mmoja asome ukurasa wa mwenzake. Vikundi vya watu ishirini kwenye WhatsApp vina kazi moja tu, ya kupashana uvumi wa tarehe.

10. Kuwasilisha na kutetea

Vyuo vingi hutaka ilani ya kuwasilisha miezi kadhaa kabla ya tasnifu yenyewe, ili watahini wateuliwe. Ikichelewa, tasnifu iliyokamilika hukaa mezani bila msomaji. Mwombe msimamizi afanye nawe utetezi wa majaribio, wenzako wakiwa watahini; wape maswali manne yasiyokosekana: nini kipya hapa, kwa nini mbinu hii, udhaifu wako ni upi, na matokeo haya yana faida kwa nani.

Siku yenyewe, jibu swali ulilosikia, na ukihitaji kufikiri, sema unahitaji kufikiri. Muombe msimamizi au rafiki aandike maswali yote, maana wewe hutayakumbuka.

Karibu kila mtu hupewa marekebisho. Ukitoka, pata orodha kwa maandishi, mwulize mwenyekiti wa jopo ni nani atakayeyathibitisha, kisha rudi kwenye jedwali lako la safu tatu. Marekebisho yana muda wake, na siku hizo huanza kuhesabiwa kabla hujamaliza kupokea pongezi. Yakithibitishwa, kamilisha ada, peleka nakala maktaba, na ndani ya mwaka mmoja wa kumaliza utafiti pakia tasnifu NACOSTI kama leseni inavyotaka. Uliza mapema orodha ya wanaohitimu inafungwa tarehe gani, kwa sababu saini moja iliyobaki ya msimamizi aliye likizoni inatosha kukusogeza hadi mahafali yanayofuata.